Lile Bao la Tatu

Dada yangu Penieli,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inaniuma mpaka kwenye meno. Mgongo wa mama umepoa? Mvua zimeshafika huko mlimani? Usinicheke kwa kutumia karatasi. Kwenye simu haya ningeyafuta mara kumi.

Nimekumbuka nyumbani, dada, acha tu. Juzi nilijaribu kupika loshoro. Mungu wangu! Mahindi ya kopo, ndizi zimeiva kupita kiasi, maziwa hayajui kuganda. Nilikula nimefumba macho, nikiwaza asubuhi za kwetu, Mlima Meru ukiwa wazi na wewe ukinipakulia kikombe cha pili mama asione.

Unajua kazi yangu: nahakikisha gemu zinachezeka hata na asiyeona, au mwenye mkono mmoja kama wewe. Wiki iliyopita alikuja Bi Anke kutujaribia gemu ya mpira. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi. Mimi kwa wema wangu nilikuwa nimepunguza mwendo wa wapinzani wake. Akacheza kidogo, akaweka padi ya kuchezea mezani. "Nani kakwambia naomba ushindi? Mimi naomba vitufe nivifikie!"

Tukahamishia vitufe vyote upande wa kulia, mwendo tukaurudisha. Nikacheza naye, akanifunga mbele ya ofisi nzima. Wenzangu wakacheka: "Umemwachia, eh?" Nikasema hapana, kanifunga. Halafu nikaenda chooni nikalia, dada, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilikuwa nimekiona tena kichwani kibanda cha gemu cha kaka Ema, pale Usa River. Wewe umeegemeza padi gotini, dole gumba la kulia linakimbia, vitufe vya kushoto unavibonyeza kwa kidevu. Ukanifunga tatu kwa mbili. Kibanda kizima kikanizomea, nami kwa aibu nikasema, "Nimemwachia tu, namhurumia." Uliniamini, kwa sababu kabla ya hapo niliwahi kukuachia kweli. Uliweka padi chini taratibu ukaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hujaigusa tena. Nikikuita, unasema hayo mambo ni ya wenye mikono miwili.

Nilidanganya, Penieli. Lile bao la tatu nilijaribu kulizuia kwa nguvu zangu zote, jasho linanitoka. Uliniweza. Nisamehe kwa miaka yote niliyokaa kimya.

Krismasi nakuja na padi ya mkono mmoja. Kama hutaki kuigusa, nitaelewa. Ukitaka, jiandae, maana sikuachii hata kona.

Msalimie mama sana, na shangazi yetu wa kwaya, na baba mdogo wa Olasiti. Kaka Ema naye msalimie, kisha msomee barua hii kwa sauti, kibanda kikiwa kimejaa. Siku ile niliposema nimekuachia, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mdogo wako, uliyemfunga tatu kwa mbili,
Eliya