Kaka, Hukusoma Jina la Anayepokea

Ekerenyo,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Abner,

Pokea salamu zetu za huku nyumbani. Natumai joto la Doha halijakumaliza, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Sisi tunaamka. Ronny ameota meno mawili na hanipi usingizi. Mama yuko salama, chai anachuma mwenyewe, ukitaka kumsaidia anakufukuza.

Barua hii utaipata mkononi mwa Linet, anayerudi kazini huko kesho. Simu yangu ilipasuka nikiwa nimeilalia, na Bosire amekupigia mara nne kwa yake, hushiki. Basi nimekaa nikaandika, mkono mmoja kwa kalamu, mwingine kwa mtoto.

Kaka, Alhamisi, siku ya soko, walitaka kumchoma Ogari.

Ni Ogari wa boda boda, mwana wa jirani yetu Nyamoita. Unajua nyumba ya mjane Phanice iliungua, na kanisa likamchagua Ogari apokee mchango kwa simu kwa sababu hajawahi kula cha mtu. Tangazo lilibandikwa ukutani kanisani, likapigwa picha, likaingia kwenye grupu la watu wetu walio nje. Ninyi mkachanga kwa fujo, kila mmoja akikimbilia jina lake lisomwe kwenye orodha kabla ya mwenzake. Phanice hakuona hata shilingi yenu. Ndipo wewe ukatuma sauti kwenye grupu: "Huyo Ogari ametula. Mshikeni, mpigeni mpaka ateme."

Waliicheza kwenye spika ya duka la viatu. Soko lote likasikia.

Sitakuficha kitu, kwa sababu haya uliyaagiza. Walimvuta kutoka kwa pikipiki kwa shati. Walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa spana yake mwenyewe. Mguu ulivunjika nikiusikia, kama muwa. Jicho la kushoto lilijaa damu likafumba. Kila akisema, "Mimi sijapokea," wanamkanyaga mdomo. Mmoja akabiringisha tairi kuukuu akicheka, "Leo Ogari ndiye anachangiwa! Nani ana petroli?"

Na fimbo ya kwanza ililetwa na Bosire, mume wangu. Nilipomshika mkono alinisukuma. "Shemeji mwenyewe amesema. Abner hadanganyi."

Nilimpa Phanice mtoto nikaingia katikati, nikamlalia Ogari. Damu yake ilinilowesha kifua chote.

"Toka hapo, mama Ronny, ama tukukaange naye!"

"Nikaangeni," nikawaambia. "Kisha mje mnyonyeshe mtoto wangu."

Walinipiga mgongoni mara mbili kabla Bosire hajaona kwamba ni mimi. Hapo alipiga mayowe ambayo sijawahi kuyasikia kwake, akaupiga teke mtungi wa petroli uliokuwa umeshaletwa, akaanza kupigana na wale wale aliokuwa nao. Polisi wakafika wakamkuta akivuja damu puani. Mpaka leo mezani hanitazami.

Sasa sikiliza. Tuliporudi nilichukua simu yake nikatazama ule ujumbe wako wa kutuma pesa, uliouweka kwenye grupu ili watu wakuone. Jina la aliyepokea limeandikwa pale. Si Ogari. Ni mtu ambaye hakuna anayemjua huku. Nikaenda kanisani nikalinganisha matangazo mawili. La grupu lina picha ya Ogari na jina la Ogari, lakini namba ni nyingine. Kuna mtu aliibadilisha njiani. Mimi niliyeishia kidato cha pili nililiona, kaka. Wewe ulikuwa na jina hilo mkononi siku zote hizo.

Polisi wamechukua nakala. Wewe nawe uripoti kwa ile kampuni uliyopitishia pesa, waambie umeibiwa.

Sikukatazi kutoa. Phanice bado analala na watoto wake jikoni pa kanisa. Ila siku nyingine, kabla ya kutuma, mpigie mtu wa huku unayeijua sauti yake, akusomee namba kutoka ukutani. Kabla ya kubonyeza, soma jina, na likiwa geni, acha. Anayekuharakisha, mwache asubiri. Na tangazo ambalo hujalihakikisha usiwarushie wengine.

Ogari anatoka hospitali Ijumaa. Wale wa sokoni wamebomoa jiko la mama yake, na wanaapa kwamba akikanyaga hapa watamalizia. Polisi wakiwaeleza, wanasema polisi wamehongwa. Nikiwaeleza mimi, wanasema ni maneno ya mwanamke. Wewe wanakuamini. Nasikia umeifuta ile sauti. Iko kwenye simu zao, kaka, na bado wanaicheza.

Kwa hivyo rekodi sauti nyingine. Sema wewe ni Abner, sema ulituma kwa namba ambayo si ya Ogari, sema ulimsingizia. Hilo jina geni usilitaje. Liachie polisi, lisije nalo likatafutiwa tairi. Itume kabla ya Ijumaa asubuhi. Bosire ameapa kwamba ataisimamia ichezwe kwenye spika ile ile.

Najua utaona aibu. Ione. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda darasa la kwanza, na siwezi kukuchukia hata nikijaribu. Lakini usiponijibu hili, usinitumie salamu nyingine.

Wasalimie wifi Edinah na watoto, na binamu yetu Machogu. Mama anasema ule vizuri. Yeye sijamweleza sauti ilikuwa ya nani.

Mungu akulinde kazini, akupe na nguvu ya kusema "nilikosea" kwa sauti kubwa kama ile ya kwanza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Mokeira