Kufuli Lisilo na Saa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa, na jina langu siandiki, maana kuna mtu nyumbani anayesoma ukurasa wako kila wiki, na huyo ndiye ninayemkosea kila tunapokaa meza moja.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika kliniki ya macho, kazi yangu kubwa ni mfumo unaowakumbusha wagonjwa siku zao kwa meseji, kila asubuhi saa moja seva inafungua hifadhidata, lile daftari kuu la majina na tarehe, inaona nani anatakiwa kesho, inamtumia meseji, basi. Zamani kazi hiyo aliifanya shemeji yangu wa mapokezi, dada mkubwa wa mke wangu, mjane anayeishi nasi na ndiye aliyenipigia debe mpaka nikaajiriwa. Alikuwa na daftari la jalada jekundu na simu ya mezani, anampigia mgonjwa mmoja mmoja na kumuulizia hata wajukuu, na mfumo ulipokuja mimi mwenyewe nilimwambia shemeji, hilo daftari litie kabatini upumzike, wewe kila asubuhi tazama skrini tu, ukiona kijani ujue meseji zinakwenda.

Wagonjwa wakaongezeka, seva ikazidiwa, nikaongeza mbili, zote tatu zikisoma hifadhidata ileile moja, na hapo ndipo nilipojikwaa, maana kila seva ilikuwa na ratiba yake ya saa moja asubuhi na hakuna iliyojua kama mwenzake ameshatuma, kila mgonjwa akapata meseji tatu, watu wakaja juu, mzee mmoja akauliza tunamwita mara tatu kwani yeye anaumwa macho au masikio, wenzangu wakanicheka wiki nzima, nami kwa hasira ya kuchekwa nikatafuta dawa kwa siku moja. Nikaweka kufuli ndani ya hifadhidata, yaani mstari mmoja tu, seva inayowahi inaandika jina lake pale, nyingine zikikuta jina zinakaa kimya, na iliyowahi ikimaliza kutuma inalifuta. Nikajaribu mara mbili, likafanya kazi, nikaenda zangu kunywa chai.

Umeme sikuufikiria. Asubuhi moja ulikatika seva ya pili ikiwa katikati ya kutuma, ikazimika jina lake likiwa bado pale, uliporudi zile nyingine zikaona jina zikanyamaza, na hata yenyewe ilipowaka ikakuta jina limeandikwa, ikadhani kuna mwenzake kazini, ikanyamaza pia, huku skrini ya shemeji ikiendelea kuonyesha kijani, maana kijani hicho nilikiunganisha na jina hilohilo. Siku kumi na moja, mshauri, haikutoka meseji hata moja. Watu walipopungua kwenye mabenchi tukasema ni mvua.

Katika waliokosa siku zao alikuwemo fundi cherehani mmoja aliyebakiwa na jicho moja, na jicho hilo linaponea sindano anayochomwa kila tunapomwita. Alikuja siku ya kumi na moja, bila kuitwa, ameshikwa mkono na binti yake, daktari akasema damu imeshavujia ndani, alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Nilipomwona anapapasa ukuta wa korido nikakimbilia chumba cha seva, nikakuta lile jina, nikalifuta kwa mkono wangu, meseji zikaanza kumiminika, na mdomo wangu ukafungwa hapo.

Wakubwa walipokuja kuchunguza waliukuta mfumo mzima, unatuma vizuri, wakasema basi kosa ni la mtu wa skrini. Shemeji akasimamishwa, na kamati inakaa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao kumwachisha kazi. Ushahidi uliobaki ni kumbukumbu ambazo seva hujiandikia zenyewe, lakini nazo zina kazi yao ya kujiendesha niliyoipanga mimi, kila mwisho wa mwezi inazifuta zote, na mwezi huu inaamka Ijumaa saa kumi jioni. Sihitaji kufanya lolote. Nikinyamaza tu, zinafutika.

Juzi tulikuwa tunakula, shemeji akaweka kijiko chini akasema taratibu, "Labda kweli nilisahau kutazama. Uzee umeniingia bila hodi." Mke wangu akaanza kulia. Mimi nikaomba chumvi.

Nina watoto wawili, nikisema nafukuzwa mimi, nisiposema usingizi sina, na kufuli lenyewe bado ni lilelile, naogopa kuligusa. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi niliyenyamaza.

*

Fundi,

Barua yako ilinifikia Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, na namba ya simu hukuandika, kwa hiyo nimekaa na habari hii siku tatu nzima na hakuna nilichoweza kufanya. Leo unaponisoma ni Alhamisi. Una leo, na una kesho mpaka saa kumi. Weka gazeti chini, nenda kaizime hiyo kazi ya kufuta kumbukumbu, halafu rudi tuongee.

Umerudi? Haya.

Kosa lako la kwanza nalielewa na sikucheki. Kabla ya kushika kalamu hii nilikuwa muuguzi wa wodi miaka ishirini na sita, na kufuli lako nimewahi kuliona, ila letu lilikuwa la karatasi. Tulikuwa wauguzi watatu kwa daftari moja la dawa. Ili tusimpe mgonjwa dawa mara mbili, anayewahi aliandika jina lake, sisi wengine tukajua dawa ziko mikononi mwake. Siku moja mwenzetu akaandika jina, akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga, na wodi ikashinda bila dawa mpaka jioni kwa sababu jina lilikuwepo. Tangu hapo matroni akataka jina na saa, tena saa ya ukutani, maana saa za mikononi kila moja na yake. Mwenye zamu alirudi daftarini kila robo saa kutia alama kwamba bado yupo. Robo saa ikipita bila alama, jina hilo halina nguvu tena, mwingine anachukua. Na kila aliyemeza aliwekewa tiki yake palepale, ili anayepokea zamu aendelee pasipo kurudia.

Kufuli lako lina jina, saa halina. Liwekee saa, na saa hiyo itoke kwenye hifadhidata, siyo kwenye seva mojamoja. Kila meseji iliyotoka iwekewe tiki yake. Kijani cha skrini kitokane na hesabu ya meseji zilizokwenda, kisitokane na jina la anayedai kuzituma. Na ukimaliza, jaribu kwa kuchomoa waya katikati ya kazi. Wewe ulilijaribu likiwa zima, nani asiyefaulu hivyo?

Lakini hukuniandikia kwa ajili ya kufuli, usinizungushe. Umeniandikia kwa sababu unangoja Ijumaa ikufanyie dhambi yako wewe ukiwa umekaa. Ulimwambia mama wa watu atazame kijani. Alitazama. Kijani kilikuwepo. Kilichosema uongo ni mashine yako, ukalifuta jina kwa mkono wako, ukamwacha yeye atolewe kafara, naye ndiye aliyekushika mkono ukaingia humo kazini. Halafu ukaomba chumvi. Nimelea watoto wanne na kuzika mume, sijawahi kusikia chumvi iliyoombwa vibaya namna hiyo.

Utafukuzwa? Huenda. Sitakudanganya ili ulale. Jicho la fundi cherehani nalo halirudi, hata ukitubu mpaka sauti ikukauke. Ila mficha uchi hazai, na wewe umeuficha mbele ya mtu unayekula naye. Chapa kumbukumbu za seva zote tatu, nakala mbili, moja ibaki kwa mkeo. Andika ukurasa mmoja kwa mkono: ulivyoweka kufuli, umeme ulivyokatika, na kwamba wewe ndiye uliyelifuta jina ukanyamaza. Hilo la mwisho usiliruke, maana ndilo litakalomtoa shemeji yako. Kesho mkurugenzi akifika ofisini akukute mlangoni. Siku nyingine nenda kwa fundi cherehani, usiende na zawadi, nenda na ukweli, na akikutukana msikilize mpaka amalize.

Ila hayo yote yanakuja baada ya jambo moja. Shemeji yako ameanza kuogopa akili yake mwenyewe. Kazini wanaweza kumrudisha kwa barua, lakini hofu hiyo hakuna kamati itakayomwondolea, na kila siku unayokaa kimya inazidi kumwingia. Kwa hiyo leo hii, kabla ya mkurugenzi, kabla ya karatasi, na kabla yeye mwenyewe hajaufikia ukurasa huu, nenda nyumbani. Mkute alipo, kaa chini. Usianze na umeme, usianze na seva, usianze na watoto wako wawili. Mwambie, "Shemeji, hukusahau." Halafu nyamaza, umwache akuulize umejuaje.