Flashi Inayoitika

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, mafua yaliyonisumbua yamekwisha, na natumaini nawe u mzima na masomo ya uuguzi yanakwenda vizuri. Mjomba anakusalimu sana, anasema ukishafuzu usije ukamchoma sindano kwa hasira kama wenzako wa zahanati. Mama naye anakusalimu. Barua hii hasa inamhusu yeye. Naapa kukueleza kila kitu kama kilivyotokea, bila kupunguza kwa woga wala kuongeza ili uniamini, na naomba uisome hadi mwisho kabla hujamsimulia mtu yeyote.

Nianze na jambo jema. Studio imefunguliwa tena. Ulipoondoka baada ya maziko ya Baba uliiacha imefungwa, na Mama alikuwa hataki hata kupita katika kile chumba. Akitaka kwenda uani alizungukia nje. Siku nzima alikaa jikoni na kikombe cha chai mpaka chai ikafanya utando, na ukimsemesha alisema "naam" halafu anakutazama kama mtu aliyesahau swali. Basi mwalimu mkuu aliponiita ofisini kuniuliza kama studio yetu ingeweza kupiga picha za wanafunzi wanaomaliza shule, nilijibu ndiyo kabla hata sijafikiri. Nilitumaini kwamba sauti za watoto zingemtoa Mama jikoni. Kamera ya Baba ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni flashi, maana ile yake ilikufa wiki ileile aliyofariki yeye, kama vile walikubaliana.

Mjomba alinisindikiza kwa fundi wa kamera, yule wa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Alinitambulisha kwa fahari, akisema huyu ndiye Kifuniko, enzi za kutambaa alikuwa hatoki nje bila kifuniko cha lenzi mdomoni. Niliona aibu, lakini fundi alicheka na tangu hapo akaniita hivyo. Mjomba alitaka tuchukue flashi kubwa kuliko zote, kwa hoja kwamba flashi ni kama spika, lazima iwe kubwa ndipo watu wajue mna shughuli. Fundi akamuuliza, "Mzee wangu, unataka kupiga watu picha au kuwapofusha?" Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua kamera ni ya namna gani na chumba kikoje.

Nilikuwa nimejiandaa, Dada. Nilimweleza kwamba dari yetu ni ya chini na nyeupe, hivyo tulihitaji flashi yenye kichwa kinachoinama na kugeuka, ili mwanga upige dari kwanza ndipo umshukie mtu taratibu, usimpige usoni kama mwizi aliyemulikwa tochi. Nilimwomba pia isiwe ya zamani sana, kwa kuwa nilisoma kwamba baadhi ya flashi za zamani hurudisha umeme mkali na kuunguza kamera za siku hizi. Fundi alikubali kwa kichwa, akazipima moja moja kwa mita yake na kuzitenga mbili. Katika zilizobaki nilichagua nyeusi moja iliyokwisha kutumika, kwa sababu baada ya kuwaka ilijijaza haraka kuliko nyingine, na kwa sababu ubavuni ilikuwa na jicho dogo jekundu. Fundi alieleza kwamba ukisogeza swichi iliyo chini ya jicho hilo, flashi haihitaji kuchomekwa juu ya kamera. Unaisimamisha pembeni kwenye stendi, kamera inawasha kitaa chake kidogo, na ile ya pembeni ikiuona mwanga huo inaitika papo hapo. Alisema inaitika kila ikiitwa, ina adabu kuliko watoto wake wote.

Siku ya kwanza kazi iliharibika. Kwa macho yetu flashi iliwaka kila mara, lakini picha zote zilitoka zina giza, nyuso kama zimechorwa kwa mkaa. Nilivisugua vidoti vya shaba vilivyo chini ya flashi kwa raba ya penseli, nikabadilisha betri, nikaisogeza stendi karibu. Giza lilelile. Nilipompigia fundi kwa simu ya Mama alicheka, akasema kamera yetu hutoa kwanza kimwanga kidogo cha kupimia, na picha yenyewe hufuata. Flashi yetu ilikuwa na pupa, inakiitikia kile cha kwanza, hivyo picha ikija inaikuta haina pumzi. Swichi ina namba mbili. Niliisogeza kwenye namba ya pili ili iache mwito wa kwanza na kungoja wa pili, na picha zikatoka safi kabisa, hata kola za mashati zikahesabika nyuzi.

Siku hiyo Mama alikuja hadi mlangoni. Alitazama kidogo, akaniambia nimemkata binti wa mwenye bucha utosi, niinue mkono. Hayo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu Baba atuache. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Sasa naingia katika yale mengine.

Mchana mmoja nilikuwa peke yangu studio nakata picha kwa mkasi. Kamera ilikuwa imezimwa, imo mkobani. Flashi ikawaka. Ukuta wote ukawa mweupe, kisha nikasikia kile kisauti chake chembamba cha kujijaza tena, kama mbu. Nilidhani nimegusa kitu. Niliketi na kuiangalia, mikono mapajani. Ikawaka tena.

Fundi hakushtuka. Alisema huo si ugonjwa, nimeiacha katika hali ya kuitika, kwa hiyo imeona mwanga mahali na inajibu. Akanitajia vinavyoweza kuidanganya: taa ya tyubu inayopepesa, mchomelea vyuma, jua likigonga kioo cha gari linalopita. Unajua Mwalimu wetu wa fizikia hutufundisha kuondoa sababu moja baada ya nyingine hadi ibaki ya kweli. Nilizima tyubu. Niliziba dirisha kwa blanketi na kuweka gazeti chini ya mlango. Nilimwomba jirani yetu mchomelea vyuma anipe muda kidogo asichomelee, naye akasema kwa heshima ya marehemu atakunywa chai kwanza. Katika giza lile, nikiwa nimeshikilia pumzi, iliwaka.

Nilimpelekea fundi. Ilishinda mezani kwake asubuhi nzima, jicho wazi, swichi imewashwa, na haikuwaka hata mara moja. Akanirudishia akisema mashine hii ni nzima kuliko yeye.

Niliporudi nilijaribu jambo ambalo huenda nisingejaribu kama nisingefundishwa kuwa mdadisi. Niligeuza jicho lake kuelekea mlangoni, nikangoja. Kimya. Nikaligeuza kuelekea dirishani. Kimya. Nikaligeuza kuelekea lile pazia la picha, lenye ngazi za kuchorwa na mlango wa kijani juu yake, pale wateja wanapokaa. Nilikuwa bado sijakaa vizuri ilipowaka. Nililifunua pazia. Unajua kilicho nyuma yake, Dada. Ukuta mtupu. Niliupapasa wote kwa viganja, ulikuwa wa baridi kama kawaida.

Nilimwambia Mjomba. Alicheka sana, akasema msichana akisoma mno ubongo huchemka, akaketi mbele ya pazia akiwa amekunja nne. Flashi ilipowaka aliinuka taratibu, akasema mgongo unamsumbua na kwamba amekumbuka ana mgeni. Tangu siku hiyo hutusalimia kutoka barabarani.

Usiku wa kwanza baada ya hapo nililala na wazo moja ambalo sikuweza kulifukuza. Flashi huitika ili kumsaidia mwenye kamera. Sasa kama anayeiita yuko upande wa pazia, basi yeye ndiye mpigaji. Sisi tulio upande huu ndio tunaopigwa.

Asubuhi niliizima ile swichi na kwenda shule. Niliporudi nilikuta imewashwa. Nikaizima, na kesho yake nikaikuta imewashwa tena, na stendi imesogezwa. Sikumwambia mtu. Juzi walimu walikuwa na mkutano, tukaachiwa mapema. Nilifika nyumbani kabla ya saa ya chakula, nikakuta jikoni hakuna mtu na mlango wa studio umerudishiwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Alivaa lile gauni la buluu, amechana nywele na kujipaka mafuta usoni. Ila kiti alikuwa amekigeuza. Alilielekea pazia, na mahali pa kamera palikuwa mgongoni kwake. Flashi ilisimama kando yake, jicho limetazama kule anakotazama yeye. Alikuwa ameshusha kidevu kidogo na kulegeza mabega, kama Baba alivyokuwa akiwaelekeza watu. Hakushtuka kuniona. Alisema tu, "Kifuniko, funga mlango mwanangu, unaharibu mwanga."

Nilifunga. Nikamuuliza anafanya nini. Alinituma nikatafute picha yake yoyote katika yale maboksi ya Baba, hata moja. Nilitafuta, Dada. Tumo sisi tangu tuko uchi kwenye beseni. Bibi yumo, majirani wamo, mbuzi wa Mjomba ana picha nne. Mama hayumo. Katika nyingi nilimwona vidole tu pembeni, vimeshika ule ubao mweupe wa kurudisha mwanga. Nikamuuliza ya harusi iko wapi. Akasema filamu yake iliungua ilipokuwa ikisafishwa, na Baba alilia, akamwahidi kwamba angempiga picha nyingine nzuri zaidi. Kila alipomkumbusha alimwambia, "Wewe kesho, mke wangu, leo kuna wateja." Mama alisema hayo akitabasamu, bila uchungu. Akasema sasa wateja wamepungua, na Baba mwenyewe ameanza kutimiza ahadi.

Nilijikaza. Nikamwambia kwamba flashi imewaka mara nyingi, hata mimi imeniwakia, hata Mjomba. Akajibu kwamba zile Baba alikuwa anapima mwanga. Akanikumbusha jinsi Baba alivyofanya kazi: picha ya kwanza humpiga mtu akiwa na hofu, ya pili akiwa amejiandaa, na ya tatu anapodhani yamekwisha na uso wake umerudi kuwa wake. Tangu alipoanza kuvaa lile gauni, alisema, amekwisha kupigwa mbili. Ya tatu inachelewa kwa sababu bado anaingoja, na anayengoja uso wake hautulii. Hivyo anajifunza kutongoja.

Nikamuuliza, ikishapigwa ya tatu, halafu? Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Akasema halafu ni yale yale ambayo Baba alimwambia kila mteja maisha yake yote: "Haya, tumemaliza. Njoo huku uione."

Huku ni wapi, Dada? Mpigaji yuko wapi?

Wala usifikiri kwamba Mama anaumwa. Anakula. Anaimba akifua. Mashavu yamerudi. Jana alikuulizia kwa jina lako la utotoni, akacheka peke yake. Sijamwona hivi tangu mwaka juzi, na nikisema nimtoe katika hali hii nahisi ninaiba. Lakini jana hiyohiyo alinionyesha ufunguo wa kabati unakowekwa, vyeti vyetu vilipo, na jinsi ya kulegeza koki ya bomba ikikwama, kwa sauti ya mtu anayesafiri kidogo na hataki watoto wahangaike. Nilipomuuliza anakwenda wapi alisema haendi popote, yuko hapahapa.

Leo nimezitoa betri za flashi. Ziko katika mfuko wa sketi yangu ninapoandika, nazisikia pajani. Nilimdanganya kwamba ziko kwenye chaji. Ameniuliza mara moja, akaenda kupiga pasi gauni, na sasa ameniuliza tena kupitia mlangoni, kwa upole kabisa. Mjomba nikimwambia ataivunja ile flashi kwa nyundo, na sijui Mama atavunjika namna gani pamoja nayo. Fundi atasema mashine ni nzima. Simu ni ya Mama na kuta zetu unazijua, ndiyo maana nimeandika. Barua hii anakuletea mke wa mchomelea vyuma, anakuja huko kesho kumwona dadake na atageuza Jumanne. Mpe chai, lakini asiondoke bila jibu lako. Kama unaweza, njoo naye.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Uvae sweta, na usisahau kula kwa sababu ya mitihani. Mimi mdogo wako akupendaye, Kifuniko, nakuuliza hili moja, kwa kuwa wewe ni mkubwa na Mama ni wetu sote: akija kuniomba betri mara ya tatu, nimpe?