Felisiani Mseti, Mwenye Santuri wa Nyasho

Mwaka umetimia sasa, Baba Diana, tangu ulipotutoka pale wodini asubuhi, dirisha likiwa wazi na mtu huko barabarani akipiga honi bila sababu. Ulichukia honi maisha yako yote. Ulikuwa unasema mtu anayepiga honi hovyo hajawahi kusikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho.

Familia imeniachia mimi, Hyasinta wako, kazi ya kuandika. Wanasema ndiye niliyekaa nawe muda mrefu kuliko wote. Ukweli ni kwamba kila mmoja amejifanya ana shughuli. Basi naandika, na utanisamehe kama maneno yanajikokota, maana nimechoka. Mwaka mzima nimekuwa nimechoka, uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao.

Wengi hapa Musoma wanakukumbuka kwa kazi yako. Wengine walikujua tangu Bunda, ukiwa fundi umeme kijana kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, wewe na kaka yako Ryoba mkiwa mmepanga chumba kimoja. Baadaye wakakujua hapa Nyasho, kwenye kiduka chako cha nyaya na balbu. Ulikuwa mpole na kazi yako ilikuwa safi. Jirani yetu Hilda mpaka leo anasema taa ya uani kwake ni ya Felisiani, na hataki fundi mwingine aiguse, hata sasa ambapo haiwaki.

Lakini sisi wa ndani tunakukumbuka kwa santuri zako.

Mungu wangu, zile santuri. Wanaume wenzako walinunua ng'ombe, wewe ukatafuta sahani nyeusi zilizochakaa, mpakani Sirari, Mwanza, na kwa mapadri wa Ulaya waliokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Na zisiwe dansi wala kwaya, ziwe roki! Magitaa ya umeme yanayolia mpaka kuku wanahama uani.

Nyimbo kubwa za zamani, zile zinazojulikana dunia nzima, ulizipenda na kuziheshimu. Ila ugonjwa wako hasa ulikuwa wale waliosahaulika. Vijana wa Zambia waliotoa santuri moja tu, kisha wakarudi kufanya kazi mgodini. Bendi ya Waingereza ambayo ulisema hata Waingereza wenyewe hawaijui. Dada mmoja wa Nairobi aliyepiga roki wakati ambao wasichana wenzake waliambiwa wakaimbe kanisani. Ulikuwa unaipigia simu redio ya hapa mjini kuwaombea wimbo, na mtangazaji alikuwa anakujibu kwa adabu kwamba watautafuta. Hawakuutafuta. Wewe ukapiga tena wiki iliyofuata.

"Wakubwa wana watu wao," ulikuwa unaniambia. "Hawa nani atawasikiliza?"

Jumamosi ulizifuta moja moja kwa kitambaa kilichokatwa kwenye khanga yangu, na khanga yenyewe ilikuwa nzima ulipoikata. Halafu uliweka moja kwenye gramafoni, ukashusha sindano, na nyumba nzima ilibidi inyamaze. Mgeni akiongea ulimtazama mpaka aone aibu. Na kabla ya pale ulipopapenda, kabla gitaa halijaingia, ulinyanyua kidole kimoja juu. Kikae hapo. Sisi tungoje. Gitaa likiingia, kidole kinashuka taratibu, na uso wako unakuwa wa mtu aliyeletewa maji ya baridi.

Hicho kidole ndicho tunachokikosa zaidi. Diana alisema juzi tukiwa tunaosha vyombo, na wote tukaacha kuosha.

Ulipozidiwa, uliniita karibu na kitanda. "Mama Diana," ukasema, "usije ukawatenganisha."

Nikadhani unasema watoto. Nikakuambia Diana na Gabriel ni watu wazima, wanapendana, tulia.

"Siyo hao. Wale wa kwenye kabati. Wakiwa pamoja, mtu akimtafuta mmoja atawakuta na wengine. Wakitawanyika wamekwisha."

Nikakuahidi. Sikuahidi kwa kukutuliza, niliahidi kweli.

Arobaini ikafika, na ukoo ukafika. Unaijua desturi yenu. Vitu alivyovaa marehemu vinagawiwa, na kila mtu wa ukoo lazima aondoke na kitu mkononi, maana anayeondoka mikono mitupu amefukuzwa. Kaka yako Ryoba alikuja na basi la asubuhi kutoka Butiama, akakaa kwenye kiti chako, akaomba sanduku la nguo. Sasa wewe, Baba Diana, hukuwa na nguo. Ulikuwa na mashati machache, suruali za kazi na lile koti la harusi ambalo nondo walishaligawana kabla ya ukoo. Nguo zikaisha, na foleni ya ndugu bado inafika mlangoni.

"Shemeji, nguo zingine ziko wapi?" Ryoba akauliza.

"Ndizo hizo, shemeji. Hazipo zingine."

Akatazama chini. Akatazama ndugu. Mwisho akatazama kabati.

"Huyu mtu alivaaga hizi," akasema akionyesha santuri zako. "Kila siku alivaaga hizi masikioni. Basi tutagawa hizi."

Nilisimama mbele ya kabati. Nikawaambia ulichoniomba, neno kwa neno. Ryoba alinisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima haki yake, kisha akanionyesha mama mmoja wa ukoo kwenye foleni, akasema kwa upole, "Shemeji, mgonjwa anaongeaga mengi. Sasa huyu mama ametoka Mugango kwa miguu yake, nimwambieje? Kwamba Felisiani hakumwachia kitu?"

Nilikuwa na la kujibu. Nguvu ya kulijibu ndiyo sikuwa nayo. Nikakaa chini, na nikaona wenzako wa kwenye kabati wakitoka mmoja mmoja. Waingereza wasiojulikana walikwenda Mugango. Mpiga besi ambaye jina lake hawakuliandika kwenye jalada alikwenda Guta kwa dada yako Rhobi. Mwingine akavuka maji hadi Rukuba na Chrispin, mtoto wa Ryoba anayevua huko. Na wale Wazambia wako, mboni ya jicho lako, Ryoba alijichukulia mwenyewe. Siku hiyo nilimchukia. Naandika hivyo hivyo na yeye atasoma.

Gramafoni ikabaki, kwa kuwa vyombo vya ndani ni vya mjane. Hakuna hata aliyeifunua mfuniko.

Ikaja miezi ya kimya. Sikuwa nimejua kwamba nyumba inaweza kunyamaza vile. Zamani nilikuwa nakuomba upunguze sauti, sasa nikawa nafungua bomba la maji ili tu nisikie kitu. Nilikuwa nakwenda makaburini kukuambia samahani, nafika pale, naishia kung'oa majani na kurudi.

Ndipo siku moja Rhobi akaja kutoka Guta bila taarifa, kuku mkono huu, na mkono ule kitu cha duara amekifunga ndani ya kitenge.

"Wifi," akasema hata kabla ya kukaa, "mimi nimeitundika ukutani kama picha. Wageni wanakujaga, wananiuliza, hii inasemaga nini? Nakosa jibu. Kaka yangu ameniachia kitu mimi sijui hata kinasema nini. Niwekee nisikie."

Hapo ndipo nilipoona kosa letu, na nilicheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Ukoo mzima, kutoka Guta hadi Rukuba, kila mtu amerithi wimbo, na hakuna hata mmoja mwenye kitu cha kuupigia! Mashine iko moja tu, na iko kwangu.

Nikafunua mfuniko. Na ndani, kwenye sahani ya gramafoni, ilikuwepo santuri moja ambayo mgawo haukuiona. Ilikuwa ya yule dada wa Nairobi. Uliisikiliza kabla hatujakupeleka hospitali, na ulikuwa umeiacha katikati, sindano bado iko juu yake. Ulikuwa ukinitania kwamba anaimba kama mimi nikiwa nimekukasirikia. Nililia pale pale, Rhobi akanishika bega, na kuku akatuponyoka.

Tukaisikiliza ya Rhobi. Aliketi wima kama yuko mbele ya askofu. Wimbo ulipoisha aliguna, akasema, "Kumbe kaka alikuwa na huzuni hivi na hakusemaga." Akaomba irudiwe.

Baada ya hapo habari ilisambaa, na tangu hapo sijapumzika. Kila Jumapili baada ya misa wanafika na santuri zao kwapani. Mama wa Mugango anakuja na Waingereza wake, na ole wako umwambie hawajulikani. "Wanajulikana Mugango," anasema. Chrispin alileta ya kwake kutoka kisiwani ndani ya mfuko wa dagaa, na inanuka dagaa mpaka kesho. Ina mkwaruzo, inaruka mahali pamoja na kurudia neno lile lile. Yeye anaamini wimbo ndivyo ulivyo. Amewafundisha wavuvi wenzake, nao wanauimba kambini pamoja na kuruka kwake. Diana alitaka kumsahihisha, nikamkanyaga mguu.

Wanakula sana, Baba Diana. Napika ugali sufuria zima, na samaki, na wakija na samaki aina ya kamongo wanataka nimpike mimi kwa sababu eti wewe uliwaambia ninajua. Jioni wakiondoka miguu yangu imevimba, na kila mtu anaondoka na santuri yake, na kabati linabaki tupu vile vile. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nao Jumapili, Jumatatu wametawanyika tena. Ahadi yangu kwako ilikuwa inatembea kwenye mabasi ya Bunda na maboti ya Rukuba, ikikwaruzwa kila wiki kidogo kidogo.

Ryoba hakuja. Nilisikia kwamba anasema tumegeuza nyumba ya msiba kuwa baa. Tangu zamani alikuwa akisema kwamba roki ni kelele za watu wasio na wazee, nawe ulikuwa ukicheka tu na kumwongezea chai.

Mwezi uliopita alikuja. Amevaa koti, amejinyoa, na Wazambia wako amewabeba ndani ya bahasha kubwa ya eksirei. Watu wakampisha kiti chako. Hakusalimia sana. Akanipa bahasha kwa mikono miwili.

Nikashusha sindano. Unaujua mwanzo ule, dramu peke yake kwa muda mrefu, halafu sauti ya kijana, halafu vyote vinakatika na kuna kimya ambacho mtu asiyejua hudhani wimbo umekwisha. Mama wa Mugango alidhani hivyo. Akafungua mdomo kusema kitu.

Ryoba akanyanyua kidole.

Akakiweka juu, hakutazama mtu. Sisi sote tukakitazama. Kimya kikaenda, kikaenda, na gitaa likaingia, na kidole cha kaka yako kikashuka taratibu, vile vile, Baba Diana, vile vile kama chako.

Diana akatoka nje.

"Alinichosha na huu wimbo Bunda," Ryoba akasema ulipoisha, macho yake chini. "Kila siku tukitoka kazini. Kila siku. Nilimwambiaga sisikii kitu, ni kelele." Akapangusa uso na kiganja chote. "Nilikuwa nasikia."

Hilda alileta chai, ikapoa.

Alipoinuka kuondoka nilimletea bahasha yake. Hakuipokea.

"Iache hapa, shemeji. Mimi goti linauma, siwezi kuibebaga Butiama na kurudi. Ni yangu, lakini ikae na wenzake."

Akasimama mbele ya kabati lako tupu, akaiweka yeye mwenyewe, imesimama wima kama ulivyotaka zisimame. Rhobi akaitazama. Kisha akaenda akaweka yake ubavuni. Mama wa Mugango alisitasita, akaibusu kwanza, akaweka. Chrispin akaomba ya kwake iwe mwisho kabisa kwa sababu ya harufu.

Basi wako ndani, Baba Diana. Kila mmoja ana mwenyewe sasa, anayemjua na kumtetea, na wote wanalala kabati moja. Sikukutimizia mimi. Amekutimizia yule yule aliyewatenganisha, na mimi nimemsamehe, ingawa kula yake bado inanitisha.

Jumapili hii, baada ya misa ya kukuombea, tutakusanyika nyumbani Nyasho na kila mtu atapiga wa kwake. Wa dada wa Nairobi utakuwa wa mwisho. Sijaugusa tangu siku ile. Nitashusha sindano pale pale ulipouacha, tuumalizie.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Hyasinta, watoto wako Diana na Gabriel, dada yako Rhobi wa Guta, mwanao kwa kaka yako, Chrispin wa Rukuba, jirani yako Hilda ambaye taa yake haiwaki, ndugu zako wote wa Mugango na Bunda, na kaka yako Ryoba wa Butiama, ambaye amesema aandikwe wa mwisho na asiongezewe neno.

Tutakukumbuka siku zote, Baba Diana. Na hapo kabla gitaa halijaingia, tutanyamaza.