Ushauri Nilioutoa Juu ya Bunduki Yako

Bofu, Likoni,
Mombasa.
9 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Changawa,

Hujambo mwanangu? Na Pascalia je, hajambo? Mvua zimefika huko Tabora au mngali mnakula vumbi? Sisi hapa Bofu tu wazima. Mkaza mjomba wako, Jumwa, goti lake limetulia na ameanza tena kwenda sokoni kwa miguu. Mama yako naye yu mzima, anakuombea kila siku.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Ningeweza kukupigia, lakini najijua: kwenye simu ningechekacheka, tukazungumza habari za mvua, na neno lenyewe nisingelisema.

Jumatatu Pascalia alinipigia. Nilidhani ni salamu tu. Akaniambia, "Mjomba, Changawa amenikataza nisikwambie, lakini siwezi kunyamaza. Luhende hasikii tena kwa sikio la kulia."

Akanieleza yote. Mlikuwa mkimfuata nyati aliyejeruhiwa na mgeni wenu wa kuwinda, Luhende akisoma nyayo kama kawaida yake. Nyati alipojitokeza, Luhende alikuwa amesimama ubavuni pako, kushotoni. Ukafyatua. Kishindo kikatokea pembeni, kwenye yale matundu ya kile chuma cha mdomoni mwa mtutu, kikampiga Luhende usoni. Akaanguka ameshika kichwa. Risasi nayo ikapita juu ya mgongo wa mnyama, na kama si mwenzenu kumwangusha nyati, leo tungekuwa tukizungumza habari za matanga.

Changawa, kile chuma ni mimi niliyekwambia ukifunge.

Nakumbuka ulivyoniuliza mwezi wa Mei. Bunduki ilikuwa ikitawanya risasi, na fedha zako zilitosha jambo moja tu. Ununue kipunguza teke, hicho chuma cha mdomoni, au umpelekee fundi mwenye leseni aikague darubini na kitako, kisha ununue risasi za aina moja ujizoeze? Nilikujibu siku ile ile, tena kwa kiburi: "Funga kipunguza teke. Hayo mengine ni ya wanafunzi. Mimi nimelenga tembo waharibifu Taita kabla hujazaliwa."

Sikulenga tembo. Sikulenga hata digidigi. Miaka yangu yote katika idara ya wanyamapori nilikuwa karani wa ghala la silaha. Nikigawa bunduki asubuhi, nikizipokea jioni na kuzipaka mafuta. Hadithi zote nilizokuwa nikiwasimulia nyinyi watoto zilikuwa za askari wengine, nami nikajiweka ndani yake. Mlikuwa mkinitazama kwa macho makubwa, nikashindwa kuacha. Hicho kipunguza teke nilikiona kwenye picha tu.

Jumanne nikaenda Miritini kwa Mzee Jafar, aliyekuwa akifundisha askari wetu kulenga shabaha. Nilimweleza nikidhani atanitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tinga, wewe si ulikuwa wa ghalani? Wallahi, ungemwambia kijana hujui, lingekupunguza nini?"

Nikamwomba basi aniambie ukweli, nikuandikie. Anasema kipunguza teke kazi yake ni kumwondolea mpigaji maumivu ya bega. Humsaidia anayeogopa teke la bunduki akafumba macho kabla ya kufyatua. Lakini bunduki inayotawanya risasi hakiiponyi, na aliye ubavuni humwumiza, hasa asipoziba masikio. Yeye angeanza na skrubu za darubini, kwani mara nyingi hulegea kwa mitikisiko ya gari. Kisha angetazama kama mwili wa bunduki umekaa sawasawa kwenye mbao za kitako. Baada ya hapo ni risasi za aina moja na mazoezi, mazoezi, mazoezi. Yaani yale yale niliyokwambia ni ya wanafunzi. Nakuomba ukakifungue kile chuma, na bunduki umpelekee fundi wako kabla hujaingia tena porini.

Jana niliwaita mama yako na Jumwa nikawaambia yote, la ghalani na la Luhende. Jumwa aliinuka akaenda nje, hajazungumza nami vizuri hadi sasa. Mama yako hakunikemea. Aliniuliza tu, "Huyo Luhende ana watoto wangapi?" Sikujua. Siku zote hizo nilikuwa nikihangaikia jina langu, sikuwa nimeuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulimkataza mkeo asiniambie. Ulinihurumia, nami sikustahili.

Nimekata shauri kuja. Nitaondoka Mombasa Jumamosi ya tarehe 23, Mungu akipenda. Usinitangulizie kwa Luhende maneno mazuri wala usinitafutie udhuru. Nitaketi kushotoni kwake, nimwambie mimi ni nani na nilifanya nini. Akinifukuza nitaondoka.

Nisalimie Pascalia, na umwambie hakukosea kunipigia. Mama yako, Jumwa na jirani yetu Mishi wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na wote mnaotembea nao porini, na Luhende kwanza.

Ni mimi mjomba wako akupendaye, karani wa ghala,
Tinga