Silinda ya Babu Anders

Greybull, Wyoming
15 Juni 1986

Kaka yangu mpendwa Harlan,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Inga, pamoja na mbwa wenu wote wanaolala kitandani. Sisi huku hatujambo. Theluji ilichelewa kuondoka, lakini ng'ombe wamezaa vizuri, na rubabi, ile mboga chachu ya pai, imestawi bustanini mpaka majirani wakiniona na kikapu wanajifanya hawapo nyumbani. Goti langu limepona. Kikohozi chako je? Inga aliniambia kwenye simu kwamba unakataa dawa. Kunywa dawa, Harlan, wewe si mtoto.

Nina habari nyingi, na zote ni njema, ila ya mwisho itabidi uisome ukiwa umekaa. Nakuomba usirukie mwisho kama ufanyavyo na magazeti.

Ugonjwa wangu unaujua. Tangu mume wangu Gene afariki, bastola za kale zimeijaza sebule mpaka mchungaji akija kunitembelea tunakaa jikoni. Wewe unaziita vyuma vya vizee. Sawa, lakini mimi nazipenda hivyohivyo, kwa kuwa huwezi kupiga risasi hata moja bila kwanza kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba. Unavuta, inalia ta-ta-ta-ta, taratibu, kama mtu anayejipa nafasi ya kufikiri upya. Kila jioni nazifuta mafuta, na nyumba haiwi kimya sana.

Katika hizo zote, ninayoipenda zaidi ni ile ya Babu Anders, aliyokuja nayo kutoka Texas akiswaga ng'ombe. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiapa kwamba ipo kamili kama ilivyotoka kiwandani. Basi mwezi uliopita niliipeleka Cody, kwenye maonyesho ya wakusanyaji, ili Mzee Orville Stamm aikague mbele ya watu. Huyo ndiye tunayemwamini wote. Akisema bastola ni ya kweli, hakuna anayebisha.

Mzee Orville akahakikisha haina risasi, akachomoa silinda, kile kipande cha duara kinachozunguka na kubeba risasi, akavaa miwani juu ya miwani, akatazama namba ya kiwandani chini ya bodi, halafu namba ya kwenye silinda, maana zinapaswa kufanana. Akarudia. Kisha akaniambia kwa huruma kwamba bodi na mtutu ni vya bastola moja, lakini silinda ni ya bastola nyingine kabisa. Jamaa mmoja wa Billings akapaza sauti, "Twyla katuletea bastola ya viraka! Hebu uangalieni mpini, isije ikawa ni wa sufuria!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini Harlan, niliona kama wanamcheka Baba.

Kwenye meza iliyofuata alikuwa amekaa bwana mmoja, mjane kama mimi, anakusanya kama mimi. Jina lake nitakutajia baadaye. Yeye hakucheka. Alimwomba Mzee Orville airudie ile namba ya silinda. Aliposikia, akasimama ghafla mpaka kahawa ikamwagika, akafungua kisanduku chake, akatoa bastola iliyofanana na yangu kama pacha. Akasema naye ameishi na aibu hiyohiyo miaka yote, kwamba bastola ya babu yake ina silinda isiyo yake.

Mzee Orville akaikagua. Silinda iliyokuwa kwangu ilikuwa ya bastola yake, na silinda iliyokuwa kwake ilikuwa ya Babu Anders! Ukumbi mzima ulilipuka kwa kelele. Yule wa Billings alivua kofia akaja kuniomba radhi, nami nikamwambia akaninunulie pai, akaninunulia.

Yule bwana akatusimulia aliyoambiwa na bibi yake: kwamba babu yake na kijana mmoja Mnorwe walifungiwa na theluji kibandani majira mazima ya baridi, wakilinda ng'ombe wa tajiri. Hawakuwa na karata wala kitabu, basi burudani yao ikawa kuzifungua bastola zao kwenye meza moja, kuzisafisha na kuzifunga tena, wakishindana nani atamaliza kwanza. Walipendana kama ndugu. Bila shaka katika mashindano hayo kila mmoja alinyakua silinda ya mwenzake, na hakuna aliyegundua. Mnorwe huyo ni nani kama si Babu Anders, mzaliwa wa Norwe?

Watu wakapiga kelele, "Badilishaneni! Badilishaneni sasa hivi!" Mzee Orville alikwisha kunyoosha mkono. Yule bwana akamzuia, akaniinamia, akasema polepole, "Mama Twyla, tukibadilishana leo, wewe utarudi kwako na mimi kwangu, na sitakuwa na kisingizio cha kukuona tena." Nikamwambia ananikawiza kula. Akasema basi twende tukale wote.

Tangu siku hiyo amekuwa akija kila Jumapili na bastola yake mfukoni mwa koti, eti tubadilishane. Mara mchuzi wa kulungu unaungua, mara mvua inataka kunyesha, mara tumecheka mpaka giza likaingia, na silinda zinabaki zilipo. Amenirekebishia mlango wa zizi. Anaimba vibaya sana. Kaka, nilikuwa nimesahau kwamba naweza kumcheka mtu mpaka nikashika ukuta.

Sasa kaa. Bwana huyo ni Lyle Beckstead.

Ndiyo, wa akina Beckstead wale wale waliogombana na Baba kwa ajili ya mfereji wa maji. Lyle yule yule uliyemng'oa jino kwa ngumi nyuma ya zizi la mnada. Baba alikufa bila kumsalimia baba yake, nami nilikuwa nikivuka barabara nikiwaona. Pale Cody nilimtambua tangu alipoketi, naye alinitambua, tukawa tunajifanya tunatazama bastola. Lakini Harlan, kabla ya mfereji kulikuwa na kile kibanda. Baba zetu waligombana, lakini babu yake na babu yetu walishiriki meza moja, sufuria moja na moto mmoja, na hakuna aliyetuambia.

Jumapili iliyopita aliingia, hata kofia hakuvua. Akaichomoa silinda ya Babu Anders akaniwekea kiganjani, akaniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Nikamwambia nimekubali, ila mwanamke wa umri wangu havai silinda kidoleni. Akasema, "Pete ipo mfuko wa pili, nilitaka kwanza kujua kipi kitakufurahisha zaidi." Nimevaa pete. Silinda nimeirudisha kwenye bastola ya Babu, na yake nimempa. Tulikoki zote mbili, tupu, na tukalia kidogo, tusijue tunamlilia nani.

Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, baada ya kuvuna majani ya ng'ombe. Nataka wewe ndiye unishike mkono na kunipeleka mbele. Sikuombi umpende. Nakuomba uje umtazame anavyonitazama, halafu useme utakalo. Yeye amesema hana kinyongo, lile jino lilikuwa bovu hata hivyo, na chumba cha wageni amekwisha kukipaka rangi kwa ajili yenu.

Nisalimie sana Inga, mwambie alete ile keki yake ya iliki. Wapapase mbwa. Na dawa, unywe.

Nakungoja kwa moyo wote, mimi dada yako,

Twyla Eskridge,
kwa jina hili wiki chache tu zilizobaki.