Laini Inayoshika Jikoni

Mjukuu wangu Eliamani,

Shikamoo yako imefika hapa Mhezi, marahaba. Tangawizi imestawi, na mke wetu, bibi yako, anasema kwenye picha umekonda.

Unauliza dereva wa masafa marefu achukue laini gani ya simu. Hapo umemuuliza mwenyewe! Nimeendesha lori hadi Lubumbashi, na kila mpaka waliijua honi yangu. Nilichagua laini inayoshika barabara nzima. Kumbe huku nyumbani ilishika kwenye jiwe la juu ya shamba tu.

Jioni moja, porini kabla ya Tunduma, homa ikanilaza ndani ya lori, hata mlango siwezi kufungua. Nikampigia bibi yako, nikijua hapatikani. Akapokea papo hapo.

"Umejuaje nitapiga?"

"Sijui lolote, baba Neema. Kila jioni nachambulia mboga hapa jiweni, huenda ukapiga. Acha maneno, uko wapi?"

Akampigia mke wa dereva mwenzangu wa Same, naye akampigia mumewe, aliyekuwa nyuma yangu njiani. Jamaa akanikuta, akanifikisha hospitali. Bila jiwe lile ungemtania babu gani leo?

Basi tafuta kwanza laini inayoshika jikoni kwa mkeo. Ya barabarani iwe ya pili. Simu za sasa zinabeba zote mbili.

Yetu siku hizi inashika hadi jikoni. Lakini jioni bado tunapanda jiweni, na mboga nabeba mimi.

Babu yako, bingwa wa barabara